Mjomba anataka kunidhamini, lakini hajui kwa nini nilifukuzwa kazi

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, na ninaishi hapa Mtwara mjini, upande wa Magomeni. Nilisomea ununuzi na ugavi kwa ngazi ya stashahada, na tangu mwaka 2019 nilikuwa karani wa mizani katika ghala moja la korosho ambalo naomba nisilitaje. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia yanayoletwa na magari kutoka kwenye vyama vya msingi vya wakulima, kuandika idadi na uzito katika hati ya mapokezi, kusaini, kisha kumkabidhi mtunza ghala ili stakabadhi iandaliwe. Kwa miaka mitano yote sikuwahi kupewa hata barua ya onyo.

Msimu uliopita, usiku mmoja wa mwezi Novemba, foleni ya magari ilikuwa imefika barabarani na sisi makarani tulikuwa tumesimama tangu asubuhi. Likaja lori lenye magunia 130, likiendeshwa na kijana tuliyesoma naye shule ya msingi, akaniambia kwamba mzigo umeshapimwa chamani na hati ya chama anayo. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka mno, na yeye akanipa shilingi 50,000 ya soda kama ilivyo kawaida ya madereva, na msimamizi naye alikuwa akitusukuma tumalize foleni ile kabla ya saa sita usiku, nilinakili takwimu zilizokuwa kwenye hati ya chama nikasaini bila kuhesabu wala kupandisha mzigo kwenye mizani. Wiki mbili baadaye ghala lilipohakikiwa kabla ya mnada, ikaonekana kwamba mzigo ule umepungua kwa magunia 14.

Nilitakiwa kujieleza kwa maandishi, kisha nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu, ambako mwenzangu wa kazini aliruhusiwa kunisindikiza. Dereva alipohojiwa akaitaja ile fedha. Mwezi Februari nikapewa barua ya kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Polisi hawakuhusishwa.

Ni miezi saba sasa. Nimepeleka maombi sehemu 11, bandarini, kwa mawakala wa forodha, kwenye kampuni za ujenzi, hadi Lindi na Masasi, na nimeitwa kwenye usaili mara mbili tu. Katika usaili wa kwanza nilisema mkataba wangu uliisha. Wakapiga simu nilikotoka, na sikusikia tena habari zao. Katika ule wa pili niliamua kusema kweli, nikaeleza kwamba niliondolewa kwa uzembe uliotokana na uchovu. Mama aliyekuwa akinisaili aliuliza swali moja, "Ni hilo tu?", nikajibu ndiyo, na kutoka kwake pia sijasikia kitu.

Sasa mjomba wangu wa Tandahimba, kaka yake mama, ambaye alinilipia ada ya chuo kwa korosho zake na ambaye aliwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha msingi, amesema kwamba kabla ya msimu kufunguliwa atanipeleka kwa mwenye ghala mmoja anayefahamiana naye miaka mingi. Mtu huyo anatafuta karani wa mizani, na mjomba amesema atanidhamini yeye mwenyewe. Wamepanga kuonana Ijumaa ya wiki ijayo. Tatizo ni kwamba mjomba, sawa na mama yangu, anajua kuwa mkataba wangu uliisha. Mke wangu ndiye pekee anayejua kwamba nilifukuzwa.

Rafiki yangu mwenye duka la kuchapisha karibu na stendi amejitolea kunitengenezea barua ya utumishi yenye mhuri kwa shilingi 30,000, ionyeshe kwamba niliondoka vizuri. Wengine mtaani wananiambia niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nikadai kiinua mgongo changu cha miaka mitano, kwa sababu hakuna mwajiri anayeruhusiwa kumnyima mtu haki hiyo.

Shangazi, naomba unishauri. Je, niifute kazi ile kwenye wasifu wangu? Je, nichukue ile barua? Na je, nikimwacha mjomba anipeleke kwanza, nikaanza kazi na kuaminika, kisha nikamweleza baadaye nikishatulia, nitakuwa nimekosea sana?

Karani wa Zamani, Mtwara.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, nikapigia mstari maneno mawili tu: "ya soda". Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa afisa utumishi mjini Lindi kwa miaka mingi, nimesoma barua za kujieleza nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, na jambo nililojifunza ni kwamba kosa lenyewe mara nyingi hufichwa katikati ya sentensi ndefu. Wewe umeiweka ile fedha katikati, ukatanguliza uchovu mbele yake na kuweka msimamizi nyuma yake, kama mtu anayebeba kitu sokoni akikificha ndani ya kanga. Uchovu ulikuwa wa kweli na foleni ilikuwa ya kweli. Anayejua ghala la korosho mwezi wa Novemba hawezi kubisha. Lakini makarani wenzako nao walikuwa wamechoka usiku ule, na barua ya kuachishwa kazi ilikuja kwako.

Hukunieleza ile shilingi 50,000 uliitumia wapi, na nakushukuru kwa hilo, kwa sababu wengi wangeniletea hapo mtoto mgonjwa.

Naanza na jambo hili, kabla ya maswali yako, kwa sababu ndilo lililokukosesha kazi ya pili. Unasema katika usaili ule ulisema kweli. Hapana, mwanangu, ulisema sehemu ya kweli inayokubakiza mtu mzuri aliyechoka. Yule mama alipokuuliza "Ni hilo tu?", mimi nasoma hapo kwamba alikuwa ameshasikia habari zako, au alikuwa amekaa na watu kama wewe kiasi cha kuhisi pengo, naye alikuwa anakupa nafasi ya kulijaza mwenyewe. Biashara ya korosho kwetu huku haina watu wengi kiasi cha mtu kupotelea ndani yake. Waendesha maghala, madereva, viongozi wa vyama na wanunuzi hukutana kila msimu, na gunia 14 ni habari inayotembea. Magunia hayo, kwa kilo 80 kila moja, ni zaidi ya tani moja ya korosho za watu.

Sasa nije kwa mjomba, maana hapo ndipo penye uzito wote.

Wewe unauliza kana kwamba jambo hili ni la muda, yaani umwambie kabla au umwambie baadaye. Mimi naliona ni jambo la mali ya mtu. Atakayekupeleka kwa mwenye ghala hapeleki wasifu wako, anapeleka jina lake, alilolijenga kwa kuwaongoza wakulima wa chama chake. Kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, hakuna haja ya kumweleza mtu mjomba ni nani: ndiye anayeitwa unapooa, na ndiye anayeitwa unapoharibu. Ukimwacha aingie kwa rafiki yake akiwa hajui anachokidhamini, utakuwa umechukua kwake kitu bila yeye kujua, na safari hii hakuna dereva wa kumsingizia.

Fikiria pia itakavyokuwa ndani ya ghala hilo jipya. Korosho hupungua uzito kadiri zinavyokauka, ndiyo maana kila ghala lina hesabu zake za unyaufu na kila msimu watu hubishana juu yake. Siku moja utakuja upungufu ambao wewe hukuusababisha kabisa. Macho yatamgeukia karani wa mizani, mtu mmoja atakumbuka yaliyotokea msimu uliopita, naye mwenye ghala atampigia simu mjomba wako. Mzee atasimama hapo hana la kujibu, kwa sababu hajui hata anaulizwa nini.

Na kuna yule dereva. Sijui kama umemfikiria. Madereva hawa hupeleka mizigo maghala yote, na kabla Desemba haijafika atakuja mbele ya mizani yako na lori lake. Ikiwa mwajiri wako mpya hajui kilichotokea, basi yeye atakuwa anajua siri yako na mwajiri wako haijui, na mtu wa namna hiyo hahitaji tena kukupa shilingi 50,000. Atakuomba usaini, nawe utajikuta unasaini ili anyamaze. Kinga pekee ninayoiona ni mwenye ghala awe ameshaambiwa, kwa mdomo wako, kabla lori lile halijafika.

Kwa hiyo kamwambie mjomba kabla ya Ijumaa hiyo, na usimwambie kwa simu. Panda gari la asubuhi la Tandahimba linalopitia Nanyamba, umkute nyumbani, umsalimu, uombe kuzungumza naye faraghani, kisha uanze na lile uliloliweka katikati. Kwa mfano: "Mjomba, mkataba wangu haukuisha. Nilifukuzwa. Nilipokea shilingi elfu hamsini kwa dereva nikasaini mzigo bila kuuhesabu wala kuupima, na magunia kumi na manne yakakosekana. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu." Ukifika hapo nyamaza. Habari ya foleni na msimamizi usiitaje mpaka aulize yeye, na akiuliza, ijibu kwa ufupi.

Atakuuliza jambo jingine ambalo ni afadhali ujiandae nalo. Umeandika kwamba madereva kutoa fedha ya soda ni "kawaida". Ikiwa ni kawaida, basi ile ya Novemba haikuwa ya kwanza. Mimi sihitaji kujibiwa, lakini mtu aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha msingi, ambaye huenda naye aliwahi kusimama mbele ya wakulima akieleza kwa nini kilo zilizotoka chamani si zile zilizolipwa, atataka kujua ni mara ngapi na kwa kiasi gani. Mjibu kama ilivyokuwa. Huenda akakasirika, huenda akakuondoa mlangoni, na huenda akaiondoa dhamana yake. Hiyo ni haki yake. Huenda pia, baada ya siku mbili, akawa ndiye mtu pekee anayeweza kwenda kwa mwenye ghala na kusema, "Kijana wangu alikosa, ameniambia mwenyewe, na mimi namleta hivyo hivyo." Dhamana ya namna hiyo ni nzito kuliko ile mliyokuwa mmepanga.

Hata akikubali, sikushauri uende kuomba mizani msimu huu. Najua ndiyo nafasi iliyopo na ndiyo fani yako. Lakini katika mfumo wa stakabadhi za ghala, saini ya pale kwenye mizani ndiyo inayobeba kila kitu: chama hudai kwa saini hiyo, mnunuzi hununua kwa saini hiyo, na mwendesha ghala hubanwa kwa saini hiyo mzigo unapokosekana. Kumwomba mtu akuweke tena mahali pale pale, miezi michache baada ya barua yako, ni kumwomba zaidi ya anavyoweza kutoa, hata kama ni rafiki wa mjomba. Omba kazi ambayo saini yako haisimami peke yake: kusimamia upangaji wa magunia ndani ya ghala, kuhesabu mzigo wakati wa kupakia kwenda bandarini chini ya karani mwingine, au kutunza kumbukumbu za vifungashio. Malipo yatakuwa madogo, pengine ya kibarua, na wenzako uliosoma nao watakuona ukiwa umevaa ndala getini. Ukimaliza msimu huo bila doa utakuwa na mwajiri wa karibuni wa kukusemea, na hicho ndicho ulichokikosa kwenye maombi yako yote 11.

Kuhusu barua ya rafiki yako wa stendi, nitasema kwa kifupi. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Hadi leo una kosa la kinidhamu lililomalizikia kwenye kikao. Usilipe shilingi 30,000 kulipeleka mahakamani. Isitoshe, barua hiyo ingefutwa kwa simu moja, kama ulivyokwisha kuonja kwenye usaili wako wa kwanza.

Nawe huihitaji. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, na wajibu huo haufutiki kwa sababu mtu alifukuzwa. Hukuniambia kama ulikipata. Kama hukupewa, andika barua fupi ya heshima, ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Ukiwa pale muulize afisa utumishi, kwa utulivu, watakuwa wanajibu nini wakipigiwa simu. Ofisi nyingi huthibitisha cheo na miaka tu, nyingine husema yote, na ni bora uende kwenye usaili ukijua watakalosema.

Kazi ile usiifute kwenye wasifu. Miaka mitano ikipotea katika maisha ya mtu wa miaka 36 msomaji wa kwanza ataiona, na atakachokibuni kichwani mwake kitakuwa kibaya kuliko magunia 14. Andika cheo, majukumu na miaka, kama wanavyoandika watu wote. Wasifu si mahali pa kueleza sababu ya kuondoka. Fomu ya maombi ni kitu tofauti. Ikiuliza sababu ya kuacha kazi ya mwisho, andika: "Niliachishwa kwa kosa la kinidhamu; nitaeleza ana kwa ana." Ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani na mahakama, jibu ni hapana, wala usiogope kulijibu hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Nimeona watu wakichanganya maswali haya mawili kwa hofu, wakajiandikia jinai wasiyokuwa nayo.

Kwenye usaili wenyewe, sema habari hiyo kwa sentensi zisizozidi nne, fedha ikiwa katika sentensi ya kwanza, kisha wape kitu wanachoweza kukipima. Neno "nimejifunza" halitakusaidia. Nimelisikia kutoka kwa walioiba dizeli na kutoka kwa waliokuja kazini wamelewa, wote kwa sauti ile ile. Sema unachokifanya sasa: kwamba hupokei kitu kwa dereva hata kama ni soda yenyewe ya chupa, na kwamba ungependa kwa miezi ya mwanzo upangiwe na mwenzako wa kuhakiki hesabu zako. Mtaje kama mtu wa kuulizwa habari zako yule mwenzako aliyekusindikiza kwenye kikao, ikiwa ataridhia. Alikuwepo, anajua kila kitu, na bado alikaa upande wako. Shahidi wa namna hiyo ni adimu.

Lakini tahadhari moja. Haya ya fedha yaseme kwa mdomo, usiyasambaze kwa maandishi. Mfanyakazi kupokea fedha ili alegeze kazi aliyopewa na mwajiri wake kunaweza kuhesabiwa kuwa rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, hata kama mwajiri ni mtu binafsi. Kama yupo anayekutaka uweke maelezo hayo kwenye karatasi na kusaini, mwone kwanza wakili au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa. Kumwambia mtu kweli hakukulazimu kumwandikia hati ya mashtaka dhidi yako mwenyewe.

Kuhusu kiinua mgongo, wanaokupa ushauri mtaani wamesikia nusu ya sheria. Kifungu cha 42 cha ile ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinampa mfanyakazi malipo ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kwa miaka isiyozidi 10, na kwa miaka yako mitano ingekuwa siku 35. Kifungu hicho hicho kinasema malipo hayo hayamhusu aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Ungeweza kuyapata kama ingethibitika kwamba hukuachishwa kihalali, na shauri la namna hiyo linatakiwa kufunguliwa Tume ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima awe na sababu ya msingi ya kuchelewa, na wewe huna uliyoitaja zaidi ya watu kukuambia.

Tena nimeupitisha mwenendo wa shauri lako kwenye Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, kama nilivyozoea kufanya nikiwa kazini. Kanuni hizo zinataka uchunguzi ufanyike, mfanyakazi aelezwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida ni saa 48, asikilizwe, na aweze kusindikizwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kwa maelezo yako mwenyewe, mengi ya haya yalifanyika. Ni kweli kosa la kwanza kwa kawaida halitoshi kumfukuza mtu, lakini udanganyifu mkubwa umetajwa miongoni mwa makosa yanayotosha, na kusaini uzito ambao hukuupima baada ya kupokea fedha, sioni msuluhishi atakayeuita jina jingine. Nguvu ulizonazo zipeleke kutafuta kazi.

Yapo malipo ambayo kufukuzwa hakuyafuti, nayo ni mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo ambayo ulikuwa umeilimbikiza hujaichukua. Kagua kama vilikuwemo katika malipo yako ya mwisho, na kama havikuwemo, vidai katika barua ile ile ya kuomba cheti. Siku hiyo hiyo pita ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukiwa na barua ya kuachishwa na kadi yako, uhakiki kama michango yako yote tangu 2019 iliwasilishwa, na uulize habari ya fao la kukosa ajira dirishani kwao badala ya kuuliza kijiweni. Jiandikishe pia TaESA, huduma ya serikali ya kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, ingawa nakuambia wazi kwamba kwa mtu wa hali yako naitegemea zaidi safari ya Tandahimba.

Nimebakiza jambo moja dogo, na pengine ndilo la kuanza nalo. Umeandika kwamba mkeo anajua kuwa ulifukuzwa. Hukuandika kwamba anajua habari ya fedha. Nimerudi kwenye sentensi hiyo mara kadhaa, na naona uliichagua kwa uangalifu ule ule uliouweka kwenye ile ya lori. Kama sijakosea, mwambie leo usiku, watoto wakishalala, kabla hujakata tiketi ya Tandahimba. Na akikubali, nenda naye, ili mjomba atakapouliza nani mwingine anayejua, usiwe na mtu wa kumficha pale chumbani.